Ubao Usioshika Chokaa

Jumatatu, 13 Aprili 1959

Shauri limekatwa. Fatu, kitindamimba wangu, ataolewa Ijumaa ya wiki ijayo na Twalibu wa Ruiru. Kijana mpole. Anashughulikia mashine kwenye kinu cha kahawa, na hajui kusema uongo hata ule wa adabu. Sina neno naye.

Neno ninalo na baba yake.

Salim amekuja leo kwa treni, kofia imepigwa pasi, bakora mkononi ingawa miguu yake ni mizima kuliko yangu. Alipomaliza kahawa akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka, kwamba anaona nyumba yangu ni ya vyumba viwili tu. Basi haoni vibaya maharusi wakikaa fungate kwake Ruiru. Ana chumba kitupu. Kuta za mvule.

Fungate Ruiru! Tangu lini bwana harusi akamchukua mwari siku ya kwanza, kama anachukua gunia stesheni? Fungate hukaliwa kwao bibi harusi. Mume hula cha mama mkwe siku saba, baba mkwe husikia kicheko nyuma ya ukuta, na hapo tu ndipo binti anaondoka. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwetu Ujiji.

Na kwetu sina tena. Nilitoka Ujiji kijana, nikibeba mizigo ya vita vya Wazungu. Vita vikaisha, miguu ikaendelea, ikaja kuchokea hapa Thika. Walionijua kule wamekwisha kuzikwa. Nyumba hii ya Majengo ndiyo Ujiji yote niliyobaki nayo. Mabinti zangu wakubwa wote walikaa fungate humu, katika chumba cha uani. Chumba hicho nilikivunja mwaka juzi kwa ajili ya mradi wa njiwa. Siuzungumzii mradi wa njiwa.

Fatu naye akifungia fungate kwingine, nitakuwa nimemtoa binti yangu wa mwisho kama mpangaji anayehama.

Nikamwambia Salim chumba kipo. Akauliza kiko wapi. Nikamjibu kinakuja. Saida, mke wangu, akaangusha kijiko.

Jumanne, 14 Aprili

Asiyesoma hujenga kwanza, akalia baadaye. Mimi nitapima kwanza.

Nimezunguka kwa wauza mbao wote wa Thika nikiomba kipande hapa, kipande pale. Mvule: mzito, mnyamavu, wa bei ya kutisha. Na ndio mti wa Salim, basi yamekwisha. Podo: mweupe, laini, unanukia kanisa. Hadibodi: nyembamba kama biskuti, upande mmoja laini, wa pili una alama za gunia. Plaiwudi: maganda ya mti yaliyogandishwa moja juu ya jingine, kila ganda limelala kukingama na mwenzake. Akili nyingi sana katika kitu chembamba.

Fundi Mburu, jirani yangu, hakupendezwa. Mburu alirudi kutoka kizuizini mwaka juzi, na useremala ndicho kitu pekee alichorudi nacho. Anaamini Mungu aliumba podo siku ya sita asubuhi, na binadamu jioni, kwa mabaki. Akanitazama na vipande vyangu kwapani. "Haiya, Mzee! Sasa wewe unanunua mbao ama unaokota kuni?" Kisha akanieleza kwamba podo ni podo, na hizo zingine zote ni makaratasi.

Nikamwachia podo yake. Nikavuka mto Chania, na huko nikakutana na Nzau.

Nzau ni Mkamba, mlinzi wa vifaa pale walipojenga tangi la maji. Kazi imekwisha, na mabao yaliyokuwa kalibu ya kumwagia zege yamerundikwa kando. Msimamizi amemruhusu ayaondoe. Ni plaiwudi, lakini siyo ile niliyoijua. Hii imepakwa ulimbo pande zote mbili, ulimbo uliopikwa na kushindiliwa hadi ukawa kama kioo. Rangi yake kahawa iliyoungua kidogo. Nzau akaipiga kofi. "Mzee, zege inalala hapa siku na siku. Halafu unabandua hivi, twap! Hata alama hakuna. Sasa kama zege imeshindwa kushika, uchafu ni nani? Mchwa ni nani?"

Sijasikia hoja iliyonyooka namna hiyo tangu nilipotoka chuoni.

Jumatano, 15 Aprili

Vipande vyote vimelala usiku kucha ndani ya karai la maji. Leo nimevitoa.

Hadibodi imevimba kama andazi. Plaiwudi ya kawaida imefunguka kurasa kurasa, kama kitabu kilichotumbukia mtoni. Podo umepinda mgongo kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Mvule haukusema kitu. Unajivuna hata ndani ya maji.

Lakini wa ulimbo! Maji yanakaa juu yake matone matone, kama juu ya jani la jimbi. Ukipuliza, yanakimbia. Nikaupaka matope. Yakadondoka. Nikaupaka masizi. Nikayafuta kwa kidole. Nikaupaka gundi ya Mburu mwenyewe, ikabanduka kama utando wa maziwa. Nilicheka peke yangu uani hadi kuku wakahama.

Ni kweli, pale nilipoukata kwa msumeno, maji yameingia kidogo na ukingo umenenepa. Nimeliona. Ni ukingo tu.

Saida akaja, akatazama. Akasema ubao usiokubali kushikana na kitu chochote hauwezi kuwa na tabia nzuri. Nikamweleza kwamba mbao hazina tabia, zina sifa. Akaniambia karai lile ni la kuoshea mchele wa harusi, na anataka kujua ni sifa gani hizo zinazonuka gundi.

Jioni nimefunga biashara. Baiskeli yangu imekwenda kwa Nzau, mabao yamekuja kwangu. Baiskeli ina breki moja. Nani kamzidi nani?

Ijumaa, 17 Aprili

Chumba kimesimama!

Mburu alipiga fremu, akinung'unika tangu msumari wa kwanza hadi wa mwisho. Kila bao nililikata nyumbani, likalingana barabara. Mlango ni wa podo, kwa sababu Mburu alikataa kuondoka mpaka podo yake iwe na mahali katika harusi. Nikambakishia heshima hiyo. Mabao yaliyosalia nimeyatandika sakafuni, ili wanawake wa Ruiru wasikanyage udongo wetu.

Nilisimama ndani nikajiona ukutani. Mzee mwembamba, kanzu imepinda, uso wa mtu aliyeshinda. Nilikaa nikimtazama kwa muda.

Baada ya sala ya Ijumaa Salim akafika, nikampeleka uani. Akagonga ukuta kwa bakora. Ukalia dum! Akazunguka. Akauliza kama tunamwoza Twalibu au tunamfungia ndani ya sanduku la santuri. Akauliza kama giza lile lilikuja na mabao, au nililinunua mbali. Kisha, kwa upole wa kuudhi, akakumbusha kwamba dada yake na wanawake wenzake watakuja Alhamisi kutandika kitanda. Chumba cha harusi, mkwe wangu, hupakwa chokaa. Wakikuta cheupe, heri. Wakikuta hivi, watakunja mashuka na kurudi nayo Ruiru, na maharusi watayafuata.

Saida alikubali masharti hayo. Mimi nilikuwa nakohoa.

Chokaa ni jambo dogo. Kesho.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimepaka chokaa asubuhi. Nyeupe! Nyumba ikacheka. Nikamwita Saida, nikamwita Fatu, nikamwita Mburu makusudi.

Walipofika, ukuta wa kaskazini ulikuwa umeanza kujivua. Chokaa ilikauka, ikajikunja, ikateremka yote kwa pamoja, bila haraka, kama shuka linaloponyoka kitandani. Ukuta wa pili ukafuata. Chini kulikuwa kama ghala la unga. Ukuta uling'aa vilevile, bila aibu.

Mburu akaketi juu ya ndoo. Machozi yalimtoka. "Ngai! Mzee, umetafuta mbao Thika nzima. Ukachagua ile moja kazi yake ni kukataa. Sasa unaibembeleza!"

Nikamwambia atoke kwenye ndoo yangu.

Fatu hakucheka. Alichukua ufagio akafagia chokaa yote, akaniuliza kama nimekula. Huyu ndiye Salim anataka kunichukulia siku saba kabla ya wakati wake!

Jumatatu, 20 Aprili

Nimefikiri siku nzima ya jana. Tatizo si ubao. Tatizo ni chokaa kukosa nguvu.

Asubuhi nimechanganya chokaa na uji wa muhogo. Umeshika hadi saa nne, kisha ukaanza kuteremka polepole. Inzi wakaja kwa wingi kuushuhudia.

Mchana Bi Wamboi, jirani wa upande wa pili, akajitolea kupiga plasta ya udongo, majivu na samadi. Mikono yake imepiga plasta nusu ya nyumba za mtaa huu, na hakuna hata moja iliyowahi kumkataa. Akarusha tonge la kwanza. Likateleza hadi chini. Akarusha la pili kwa nguvu zaidi. Akasimama na mikono yenye udongo, akautazama ukuta jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekataa chakula. "Wee! Hii nyumba imelogwa na nani?" Nikamweleza habari za ulimbo na za kalibu. Akaniuliza, kwa nini basi nisijenge tangi la maji, tumweke bwana harusi ndani?

Alasiri nikageukia msasa. Nikausugua ubao hadi ncha za vidole zikaungua. Nilipata mahali panapotosha kubandika stempu. Ningeendelea hivyo, Fatu angepata chumba cheupe akiwa bibi.

Niliwahi kufikiri kugeuza mabao nje ndani. Kisha nikakumbuka yamepakwa pande zote mbili, na kwamba sifa hiyo niliisifia mwenyewe mbele ya mashahidi.

Jumanne, 21 Aprili

Nimepata! Ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote.

Kila ubao una kazi yake. Wa ulimbo unakinga maji, haukubali rangi. Hadibodi inakubali rangi kama mtoto anavyokubali sukari, ila inaogopa maji. Basi mmoja awe nje, mwingine awe ndani! Wa ulimbo uwe mwavuli, hadibodi iwe kanzu. Kila mmoja anamfichia mwenzake aibu. Kuna ndoa nyingi zinazoishi hivyo, na hakuna anayezicheka.

Hadibodi nimeipata kwa Nzau huyohuyo. Santuri yangu imekwenda kwake pamoja na sahani zake zote za muziki. Nzau alikuja kuichukua amepanda baiskeli yangu. Ameiwekea breki ya pili.

Nimepigilia hadibodi juu ya kuta zote nne, misumari ikipenya hadi kwenye ulimbo. Nimepaka chokaa. Imeshika. Narudia ili niisome tena kesho: IMESHIKA. Chumba cheupe, laini, kina mwangaza kama ndani ya yai. Saida alisimama mlangoni akakosa la kusema. Nimeoana naye miaka mingi, nami nakumbuka mara zote alizokosa la kusema. Hii ni ya pili.

Mburu akapita, akachungulia, akasema atangoja mvua. Wivu.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua imenyesha jana kutwa na usiku kucha.

Asubuhi nilifungua mlango. Nilijaribu. Podo ya Mburu ilikuwa imevimba ikakwama, na ilibidi mwenyewe aje na randa, amenuna, akisema kosa si la podo bali ni la maji ya Thika. Nilifurahi kidogo. Ilikuwa furaha yangu ya mwisho leo.

Kuta zilikuwa na mimba. Maji yalipita kwenye matundu ya misumari yangu, yakapita kwenye kingo nilizozikata kwa msumeno, yakaingia kati ya ubao na ubao. Wa ulimbo ukayazuia yasitoke. Kinga imara kabisa! Hadibodi ikayanywa yote. Kila ukuta ulikuwa umetoa tumbo, na tumbo la ukuta wa mashariki likapasuka mbele yangu kwa sauti ya mtu anayekata tamaa.

Wanawake wa Ruiru walikuwa njiani. Treni ya mchana. Nikaketi juu ya kitanda cha harusi, ambacho hakijatandikwa, nikasema moyoni: basi. Acha waende Ruiru. Mvule ni mti mzuri. Nilipokuwa mdogo dada zangu walifungia fungate katika vyumba vya udongo mtupu, na baba yangu hakupima kitu ndani ya karai, na vyumba vile vilisimama. Mimi nimesoma, nimepima, na sina mahali pa kumlaza mwanangu. Macho yalitoka maji. Unga wa hadibodi unawasha sana.

Fatu akaingia. Mwari hatakiwi kutoka ndani leo, lakini akaingia hivyohivyo, hina mikononi. Akakaa kando yangu kwenye mbao tupu za kitanda. Akaniambia yeye na Twalibu walikwisha kusemezana. Amemwambia fungate ni hapa. Kama hakuna chumba, watakaa katika banda la njiwa. Twalibu, ambaye hajui uongo, alijibu kwamba amelitazama banda la njiwa na anaona litawatosha wakikunja miguu.

Nikamwambia banda la njiwa lina matatizo yake. Akacheka. Kisha akamwita mama yake.

Yaliyofuata sikuyapanga mimi, kwa hiyo yalikwenda upesi. Mburu na mimi tukang'oa hadibodi yote na kuitupa nyuma. Saida akakausha kuta kwa kanga kuukuu. Zilikauka kwa mpapaso mmoja, na hilo naomba likumbukwe. Bi Wamboi akapita nyumba kwa nyumba, na wanawake wa mtaa wakaja na leso zao mikononi. Wakazitundika kwenye kamba, kutoka darini hadi chini, ukuta kwa ukuta. Nyekundu, manjano, kijani, za maua, za maembe, mpya na zilizofuliwa hadi zikawa laini kama pumzi. Ulimbo ukashika mwangaza wa taa nyuma yake ukaurudisha kupitia nguo. Chumba kikawaka! Nilitaka kuwaeleza kwamba mvule usingeweza kufanya hivyo. Saida akaniambia nikateke maji.

Dada yake Salim akafika na wenzake na mashuka yao. Mwanamke mpana, haongei ovyo. Akasimama katikati. Akazisoma leso zote kwa sauti, moja baada ya moja. Alipofika kwenye ya Bi Wamboi, iliyoandikwa *Jirani, Umechoka Kunitazama?*, akacheka hadi akashika nguzo. Kisha akasema neno moja tu: "Tandikeni."

Jumamosi, 25 Aprili

Harusi imepita salama, tukiondoa Salim.

Nikah ilifungwa jana msikitini. Nilisimama, nikasema maneno yangu bila kukwama, nikampa Twalibu mkono. Akaushika kwa mikono yake yote miwili. Nikampenda hapohapo.

Baadaye Salim akataka kuingia chumbani kuwaombea maharusi dua. Nadhani alitaka kugonga gonga tena. Alikuwa ametoka kutawadha, nyayo zimelowa. Akakanyaga sakafu yangu ya ulimbo. Hakuanguka, hilo lingekuwa jambo la kawaida. Alikwenda. Mzee mzima na kanzu yake alipita chumba chote amesimama wima, bakora mbele, macho yametoka, kama meza inayosukumwa, akafika kitandani akaketi kati ya bibi harusi na bwana harusi.

Twalibu akajisogeza kumpa nafasi.

Kisha Salim mwenyewe akasema amekwenda harusi nyingi, ila hii ndiyo ya kwanza kukaribishwa kitandani kabla ya kuulizwa hali. Watu wakacheka hadi nje. Akacheka naye, akanishika bega, akaniita ndugu yangu. Nikamwambia chumba chake cha mvule hakiwezi kumbeba mtu namna ile. Akakiri hakiwezi.

Jambo jingine, dogo. Bao moja lililozidi sakafuni lilikuwa limebaki jikoni. Wanawake walipoishiwa na mahali pa kusukumia chapati, wakalilaza juu ya mapipa. Unga haukunata! Bila kunyunyiza, bila mafuta. Chapati zilinyanyuka zenyewe. Bi Wamboi alisukuma, akanyanyua, akasukuma, akanyanyua, akaita wenzake. Nilipita pale nikasikia wakiniombea dua.

Jumamosi, 2 Mei

Fatu ameondoka leo kwenda kwake.

Fungate imekaliwa hapa. Nataka liandikwe hivyo, wazi. Siku moja alasiri nilikuwa sebuleni na gazeti, nikasikia kicheko nyuma ya ukuta, cha Fatu kwanza, kisha cha kijana. Mabao yale hupitisha sauti vizuri mno. Nikatoka nje kwa staha. Nilisimama uani nikijifanya natazama mawingu. Saida akatoka jikoni akasimama kando yangu, naye akatazama mawingu.

Stesheni Twalibu alibeba kila kitu peke yake. Fatu alinibusu mkono. Akaniambia chumba kilikuwa kizuri. Nikamwambia kingo tu ndizo zilikuwa na kasoro. Treni ikaondoka kuelekea Ruiru, na Ruiru si mbali, ukitazama ramani.

Nimerudi nikakuta chumba hakina ukuta wa kaskazini.

Nikamwuliza Saida. Akasema Bi Wamboi aliomba kipande kwa ajili ya chapati. Kisha mama wa mlango wa pili. Kisha wa kisimani. Hakuweza kumpa huyu akamnyima yule, watu walioleta leso zao. Leo asubuhi wamekuja na Mburu, akiwa na msumeno, akiwakatia kila mmoja kwa kipimo cha meza yake. Anaimba. Amezungusha kingo zote kwa podo, vipande vyembamba, akidai bila podo bao lile si kitu.

Nikasimama ndani ya kuta tatu. Jua liliingia.

Jumatatu, 4 Mei

Kuta mbili.

Jumanne, 12 Mei

Sasa imebaki fremu ya Mburu na mlango, ambao haufunguki. Nimekaa humo kila jioni. Hewa ni nzuri. Moshi wa chapati unakuja kutoka pande zote za mtaa.

Lakini leo nimeamka na wazo! Si lazima Fatu awe ameondoka moja kwa moja. Mwenye mimba ya kwanza hujifungulia wapi? Kwa mama yake! Na hukaa siku arubaini zake hapohapo, analishwa, anakandwa, na babu anamtazama mtoto. Ni desturi. Salim hawezi kuipinga, awe na mvule wa msitu mzima. Nimemwambia Saida tunahitaji chumba. Akasema binti ameolewa juzi, na hata chai ya asubuhi bado hajaichukia. Nikamjibu kwamba mwenye busara hujenga kabla. Alinitazama, akarudi kwenye mboga. Alipomaliza kuikata akauliza, bila kugeuka, kama kitanda cha mtoto kingekaa upande wa dirisha.

Safari hii si ulimbo. Nimejifunza. Kosa la ulimbo ni kwamba haushiki chokaa. Basi natafuta ubao unaoshika chokaa. Na upo! Nzau ameupata, mpya kabisa, hata Mburu hajawahi kuuona. Chipubodi. Vumbi la mbao na vipande vidogo vidogo, vyote vimegandishwa pamoja na kukandamizwa mpaka vikawa bao moja, nene, lililonyooka kama maji ya mtungini. Nimejaribu chokaa kwenye kona. Imeshika barabara! Nimejaribu gundi. Imeshika! Unashika kila kitu. Ubao wenye moyo mzuri, Saida mwenyewe ataukubali.

Sikuona haja ya karai.

Nilimwuliza Nzau kama una kasoro yoyote, kwani sasa mimi si mtu wa kudanganywa. Akafikiri kwa uaminifu. Akasema hajui kasoro yake hata moja, labda maji. Saa ya ukutani imekwenda kwake. Nyumba isiyo na binti haina haja ya kujua saa ngapi.

Mabao yote nimeyaegemeza uani, nje, safi sana. Mburu ataanza kesho. Angani kuna wingu moja tu, upande wa Ruiru, jeusi kidogo.

Litapita.